Chumba Kisicho na Mbu

Hebu mwone anavyoingia. Ukumbi wa zahanati, Jumamosi asubuhi, viti vya plastiki vimepangwa kufuata ukuta, na mlangoni anatokea mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kazi, mifuko imeinama kwa uzito wa vyuma. Anachonga funguo sokoni, kwa hiyo watu humwita Fundi Funguo, na vidole vyake vina vumbi la shaba ambalo sabuni imelishindwa. Mkononi ana kopo dogo lenye kifuniko. Anatembea kama mtu anayepita kwenye nyumba ambayo wenyewe wamelala. Anakaa, analiweka kopo magotini. Kopo halina kitu.

Wenzake wote pale wana makopo pia, na makopo yao yana mbu.

Nikueleze kidogo, usije ukadhani nimekupeleka kwa waganga. Mtaa ule una mradi wa kuhesabu mbu, na wanaohesabu si wataalamu. Yumo muuza mitumba, yumo mlinzi wa shule, yumo dereva mstaafu anayevaa miwani juu ya miwani ili aione miguu ya mbu. Kila mmoja amepewa mtego: taa ndogo, feni ndogo chini yake, na mfuko wa wavu. Jioni unautundika karibu na kitanda chenye chandarua, mtu analala, mbu anakuja kufuata pumzi, feni inamvuta ndani. Asubuhi unatuma ujumbe wa simu wenye namba mbili tu: watu waliolala chumbani, na mbu walionaswa. Mara moja kwa mwezi mnakutana zahanati kuwatenganisha mbu kwa kioo cha kukuzia, yule wa malaria huku, wasumbufu wa kawaida kule. Hakuna anayeulizwa cheti. Ukijua kuhesabu na una kitanda, umo.

Aliyejiunga kwanza hakuwa Fundi Funguo, alikuwa mama yake. Na mama alikuwa na mdomo, jamani. Walipomwambia atume namba mbili, yeye akaona matokeo ya mpira. "Leo tumefungwa kumi na tisa kwa moja!" alimpigia jirani kelele juu ya ukuta. "Tena uwanja wa nyumbani!" Siku mfuko ulipokuwa mtupu alitangaza "Moja bila!" mpaka watoto wa jirani wakatoka kushangilia na miswaki mdomoni. Kuchaji betri na kubonyeza simu ilikuwa kazi ya binti, maana macho ya mama yalikuwa yameshachoka.

Kisha mama akafa. Moyo, ghafla, mchana kweupe. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Fundi Funguo akarudi kwenye meza yake sokoni, akaendelea kuchonga, na ukimuuliza habari alisema nzuri. Hakulia. Wala hakujizuia kulia. Alikuwa kama mtu anayesubiri chafya, na chafya haiji. Jioni alichaji betri. Aliingia chumbani kwa mama, akautundika mtego kwenye msumari wake, akawasha, akafunga mlango, akaenda kulala chumbani kwake. Asubuhi akautazama mfuko, akatuma: moja, sifuri. Hakukusudia kumdanganya mtu. Mkono ulikuwa umeshaizoea ile moja.

Sasa turudi ukumbini.

"Fundi, mbu wa kwako wamehama?" dereva mstaafu akamtania. "Au umewabadilishia kitasa?"

"Hawakuja," akasema.

Watu wakacheka. Naye akavuta midomo kidogo, kama unavyofanya ukiambiwa upigwe picha.

Msimamizi wa mradi ni mwanamke mnene, mpole wa kusema, ambaye wote humwita Daktari wa Mbu ingawa kila mwezi huwakumbusha kwamba yeye si daktari. Akalichukua lile kopo tupu kwa heshima ileile aliyoyapa makopo mengine.

"Sifuri nayo ni jibu," akasema. "Na yako, dada, imetusaidia. Safu yenu ya nyumba mtego ni huo wako peke yake, na mmetupa sifuri mfululizo. Kwa hiyo dawa ya kupulizia ukutani tunaipeleka upande wa pili. Kwenu msimu huu tunawaruka."

"Mnaturuka?"

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya jirani, yule wa ng'ambo ya ukuta, aliyekuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, mtoto mgongoni. "Daktari, mnaturukaje? Mshike huyu mtoto paji la uso. Hii homa ni ya pili hata mwezi haujaisha. Mbu wa kwetu wanajua majina yetu!"

Daktari wa Mbu akamtazama mtoto, kisha akamgeukia Fundi Funguo. "Chumba chenye mtego analala nani?"

"Mama," akajibu.

Jirani alikuwepo yule mama alipozikwa. Akainama, akaanza kumfunga mtoto upya mgongoni, ingawa alikuwa amefungwa vizuri tu.

Hapa lazima ujue jambo moja. Wapulizia dawa wanataka ukuta mtupu. Kitanda nje, kabati nje, kila kilichoning'inia nje. Na chumbani kwa mama hakikuwa kimeguswa kitu. Miwani ilikuwa juu ya kigoda. Gauni la kijani lilining'inia nyuma ya mlango, bega moja limeshuka, vilevile alivyolivua. Mto ulikuwa bado na shimo la kichwa. Kama sifuri zile zingeendelea, dawa isingekuja, na chumba kingebaki hivyo.

Fundi Funguo aliyatazama magoti yake. Mtoto akakohoa.

"Hapana," akasema. "Mle hamlali mtu."

"Tangu lini?"

Akataja tarehe ya msiba, kwa sauti ileile anayowatajia wateja bei ya ufunguo. Dereva mstaafu akavua miwani, yote.

"Pole sana, dada yangu," Daktari wa Mbu akasema. "Mbu hafuati kitanda, anafuata anayepumua. Zile namba nitazifuta. Tukipata za kweli kabla wiki haijaisha, nitairudisha safu yenu. Ama umpe jirani mtego, ama mtu alale mle."

"Nipe mimi," jirani akasema haraka. "Kwangu tumebanana mpaka mbu wanapanga zamu."

"Nitalala mimi," Fundi Funguo akasema. Usimuulize kwa nini. Mwenyewe hakujua.

Jioni hiyo aliondoa mto ule taratibu, akauweka juu ya kabati, akalalia mkono wake ukingoni mwa kitanda, kama mgeni. Feni ya mtego ilivuma. Usingizi ulimchukua upesi, jambo ambalo hakulitegemea.

Asubuhi mfuko ulikuwa na madoa meusi. Akayahesabu. Akatulia kidogo, aone kama kuna kitu kitampanda kifuani. Hakikupanda. Akatuma ujumbe.

"Matokeo?" jirani akaita juu ya ukuta, kwa woga.

"Tumefungwa."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Timu nzima!" Kicheko kikamtoka jirani kabla hajakizuia. "Nisamehe, dada."

"Hapana, cheka," akasema Fundi Funguo. "Hata yeye angecheka."

Alilala mle wiki nzima, na mbu hawakukosa hata siku moja. Safu ikarudishwa.

Wapulizia dawa walikuja wamevaa barakoa na mabomba mgongoni. "Toa vyote, mama, hata kalenda." Jirani akashika upande mmoja wa kitanda, yeye mwingine. Juani kitanda kilionekana kidogo, kama cha mtoto. Kabati likafuata, kigoda, miwani, mto. Gauni akalitoa mwisho, akalikunja mkononi, kisha akaona amelikunja, akalikunjua tena.

"Angekuwepo angewavua viatu hawa," jirani akasema.

"Angewavua."

Mle ndani kukasikika mlio wa dawa, shii, shii, ukizunguka kuta nne. Wapulizia wakatoka, wakawaambia wangoje pakauke, wafagie mbu waliokufa, ndipo warudishe vitu. Wakangoja. Mtoto, homa imeshatoka, akapanda kitandani pale uani akaanza kurukaruka, mama yake akamkemea, Fundi Funguo akasema mwache.

Baadaye jirani akaingia akagusa ukuta, akatoka akipangusa vidole kwenye nguo.

"Pamekauka, dada. Tunarudisha kila kitu palepale kilipokuwa?"

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kuta tu na sakafu iliyofagiwa, na gauni lilikuwa bado mkononi mwa Fundi Funguo. Alisikia swali vizuri kabisa, na alijua anangojwa. Sasa niambie wewe unayesoma, maana mimi nimelifikiria na sijapata: ungekuwa yeye, ungeanza kurudisha kipi?