Ukimya Uliojaza Kompyuta

Mwaka ule tulikula viazi mpaka tukaviota usingizini. Mahindi yalikuwa yamepakiwa kwenye malori yakaenda kwa watu wa bei nzuri, mkate ulikuwa wa wenye mishahara, kwa hiyo Njombe nzima asubuhi ni viazi vya kuchemsha na chumvi, mchana viazi na maharage, jioni viazi vya kuchoma kwenye majivu. Makambako wao walikuwa wameshaendelea. Walivikata vyembamba, wakavikaanga kwenye mafuta ya dukani, wakawauzia abiria na kuviita chipsi. Kiazi kilekile. Kimetoka shambani kwangu na udongo wake, kimefika Makambako kimebadilishwa jina. Basi ni mwaka huo mjukuu wangu alinunua kompyuta.

Nasema alinunua yeye, lakini iliyonunua ni miti yangu. Nilikuwa na shamba la miti ya mbao niliyoipanda na marehemu mume wangu, ikawa imekomaa. Mwanangu wa kwanza, baba yake huyo mjukuu, alitaka tukiivuna tununue mashine ya kusaga unga. Binti yake akasema hapana, kompyuta. Walibishana sebuleni kwangu Mjimwema mpaka uji ukapoa, nami nimekaa nawatazama tu. Mwisho nikauliza miti ni ya nani. Wakasema ni yangu. Nikasema inunuliwe kompyuta. Kompyuta sikuijua, ila mjukuu wangu nilimjua.

Akapanga chumba Makambako, karibu na stendi. Ukuta mmoja aliusimamishia godoro ili sauti isirudi, akaning'iniza maiki, akaanza kazi ya barua za sauti. Watu kama mimi, tulioishia darasa la pili, tuna mengi ya kuwaambia watoto wetu walioko Dar es Salaam na Mbeya, na kalamu ni nzito mkononi. Basi mtu anaingia, anakaa mbele ya maiki, anasema yake, kompyuta inayashika, halafu mjukuu wangu anayahamishia kwenye kaseti, kaseti inapanda basi. Wazee walikuja kutoka Kidugala, walikuja hata kutoka Matamba, wamejifunga mablanketi kama wanakwenda baridini, na baridini ndiko walikotoka.

Nami nilishuka kwenda kuiangalia miti yangu inafanya nini. Nilikusudia kukaa kidogo tu, nikanogewa. Nilikaa pale kwenye kigoda nikichambua maharage na kukagua wateja. Mjukuu wangu tunaitana mke mwenza, kwa sababu yeye ndiye aliyechukua nafasi yangu kwa babu yake, hata kama babu mwenyewe yuko kaburini. Asubuhi akinikuta nimekaa mlangoni ananiambia mke mkubwa amka ufagie, mimi mke mdogo nina kazi ya mjini. Namtukana, anacheka, siku inaanza.

Haikupita muda mrefu kompyuta ikaanza kulalamika. Mpya kabisa, hata nailoni ya juu alikuwa hajaibandua, ikawa inaandika maneno kwenye kioo kwamba nafasi inakwisha. Nikamwuliza nafasi gani. Akasema ndani mna diski, ndiyo ghala lake, na ghala linajaa. Nikamwuliza limejaa nini. Akasema hapo ndipo penyewe, bibi, kwa sababu kila barua nikishaihamishia kwenye kaseti naifuta.

Nilimtazama akifuta kwa macho yangu. Anafuta kweli. Lakini kesho yake nafasi imepungua tena. Jirani yetu, Mwislamu wa Kondoa aliyeuza vipuri vya malori chumba cha pili na kutuletea maandazi kila asubuhi, alisema ni vumbi la barabarani linaingia. Dereva mmoja akasema ni umeme wa Makambako, una mawimbi. Mama muuza chipsi akasema huenda kuna mtu anaweka vitu vyake humo kwa siri, usiku. Mimi nilisema wazi: ghala langu likipungua namtafuta anayekula, likijaa bila mimi kuvuna namtafuta anayemwaga. Wakaniambia bibi, hii siyo mahindi. Nikawaambia haya, endeleeni na vumbi lenu.

Tungecheka tu, lakini kwaya ilikuwa inakuja. Kwaya ya usharika mmoja wa kule kwetu Njombe, watu wazima na vijana, walikuwa wamekubali kurekodi kaseti yao ya kwanza kwa mjukuu wangu badala ya kwenda Iringa. Jumamosi. Na baba yake akapita na lori la mbao katikati ya juma, akaona yale maneno kwenye kioo, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Hakufoka. Mwanangu akikasirika anaongea polepole. Alisema kwaya ikija ikarudishwa bila kurekodi, Jumatatu anakuja kuichukua kompyuta aiuze, inunuliwe mashine ya kusaga, na binti arudi nyumbani kuisimamia. Mashine ya unga haijai ghala ikakataa kazi, alisema. Lori lilipoondoka mjukuu wangu aliingia nyuma ya lile godoro na kukaa huko mpaka nikamfuata na chai.

Akaitwa fundi kutoka Iringa. Alifika Alhamisi, kijana mwembamba mwenye mkoba wa ngozi na suruali iliyonyooshwa ikakata kama wembe. Nilimpa kiti, nikampa viazi, akavila vyote, nikaanza kumpenda. Alimwomba mjukuu wangu amwonyeshe kazi inavyofanyika, mwanzo mpaka mwisho, kama vile mteja yupo.

Mjukuu wangu akaonyesha huku anaeleza. Mzee anaingia. Namkaribisha, nabonyeza hapa kompyuta inaanza kushika. Ananisalimia, kamwene, namwitikia, ananiuliza ya nyumbani, namwuliza ya kwao.

Fundi akasema, "Hapo umeshaanza kurekodi?"

"Nimeshaanza. Sasa nitamwambia mzee asubiri kwanza asinisalimie?"

Fundi akasema sawa, endelea. Mzee anasema barua yake. Akimaliza anaaga, nainuka namsindikiza. Fundi akauliza anamsindikiza mpaka wapi. Mjukuu wangu akamshangaa. Mpaka stendi, na basi likiwa halijaja tunakaa wote mpaka lije, apande, nimpungie. Nikirudi naizima mashine, nakata kile kipande cha barua, nakihamisha, nakifuta.

"Na muda wote huo ulipokuwa stendi, mashine inarekodi?"

"Inarekodi nini, kaka? Hamna mtu anayeongea."

Fundi aliweka kikombe chini. Akatufafanulia taratibu, na alifafanua vizuri, sitamnyima sifa yake. Alisema kipande kilichokatwa ndicho kinachofutwa, lakini ile rekodi ndefu nzima, programu inajiwekea yenyewe mahali pengine, na hapo mjukuu wangu hakuwahi kuonyeshwa. Na mashine haijui kunyamaza. Dakika ya maneno na dakika ya ukimya zinakula nafasi ileile. Barua ya muda mfupi imeburuta nyuma yake mkia wa kusubiri basi la Makete.

Basi akafungua hapo mahali. Zilikuwemo, zimepangana, wazee wote tuliowahi kuwasindikiza. Jirani wa vipuri alikuwa amekuja kusikiliza habari za vumbi lake, mama wa chipsi naye akaingia na kijiko mkononi. Fundi akabonyeza mojawapo, akairukisha mbele mpaka baada ya barua. Tukasikia mlango. Tukasikia lori linapiga honi. Tukasikia kuku. Halafu tukasikia mtu anakohoa, anajisogeza kwenye kigoda, na kusema kwa sauti kubwa kabisa kwamba yule wa vipuri anatembea kama bata aliyeshiba.

Ilikuwa sauti yangu. Sikuwahi kujisikia kabla ya siku ile, lakini nilijijua.

Jirani akanigeukia taratibu. "Kumbe ndiyo shukrani ya maandazi yangu, bibi."

Nikamwambia kama anabisha atembee tuone. Akatembea, maskini, kutoka mlangoni mpaka kwenye godoro, makusudi kabisa, tumbo mbele. Mama wa chipsi alikaa chini kwa kucheka. Fundi alifuta machozi kwa tai yake.

Wakataka zaidi. Mimi niliwakatalia, nani alinisikiliza. Kila mkia niko humo. Namfukuza kuku. Naiambia maiki kwamba mjukuu wangu ana akili kuliko baba yake na baba yake anajua. Naihesabia ile mashine miti iliyokatwa kwa ajili yake na kuiuliza kama inajisikia vizuri. Na katika ile ndefu kuliko zote, siku basi lilipoharibika njiani na mjukuu wangu akashinda stendi na mzee wa watu, naimba. Ni wimbo wa kusagia ulezi, wa mama yangu mzazi, unaokwenda na jiwe. Jiwe sikuwa nalo, nilikuwa napiga ungo wa maharage. Niliimba wote, na pale palipo na majibu ya wanawake wengine nikajijibu mwenyewe.

Pale hawakucheka. Jirani alivua kofia yake. Mjukuu wangu alisema hajawahi kuusikia ule wimbo, nikamwambia hujawahi kusaga ulezi.

Fundi akaanza kufuta. Nafasi ikarudi, ikarudi, kioo kikawa kinaonyesha kama ghala la mwezi wa tatu, kabla ya mavuno. Ikabaki ile moja. Mjukuu wangu akaweka mkono juu ya mkono wa fundi. Fundi akasema kwaya ya kaseti nzima, na marudio yao, haitaenea na hii ikiwa ndani. Na kaseti za kuihamishia zilikuwa zimeagizwa, zilikuwa bado njiani. Mtoto akanitazama. Kichwani nikamwona tena nyuma ya godoro, nikamwona akipepeta unga kwenye kinu cha baba yake.

Nikamwambia, "Futa."

Akafuta mwenyewe, kwa kidole chake.

Jumamosi kwaya ilikuja na basi la kukodi, wamevaa majoho ya zambarau, wamejaza chumba mpaka wengine wakaimbia mlangoni. Mjukuu wangu alibonyeza, akazima, akabonyeza, akazima, mashine haikulalamika hata mara moja. Besi zao zilitikisa masufuria ya mama wa chipsi. Baba yake alikuwa amekuja mapema kuiona aibu, akaishia kuwabebea watu viti. Jioni alizunguka ile kompyuta mara kadhaa kama mtu anayekagua ng'ombe, akasema mashine ya kusaga itasubiri. Kwa mwanangu hiyo ni hotuba nzima. Mjukuu wangu akaruka, akanishika kiuno, tukacheza mbele ya watu wa kanisa, mke mkubwa na mke mdogo.

Sasa mwalimu wa kwaya, mzee mwenzangu tu, akanifuata. Walikuwa wameshamsimulia habari ya ule wimbo. Akasema mwisho wa kaseti pamebaki nafasi, na ungekaa vizuri pale, watu wa Njombe wangelia. Akaniwekea kiti mbele ya maiki. Kwaya nzima ikakaa kimya, jirani akaniletea ungo wangu, mjukuu wangu ameweka kidole juu ya kitufe, anasema bibi, mara moja tu, nakuomba.

Niliufuta ungo kwa kanga, nikauegemeza ukutani.

"Nimeshaimba. Sirudii."

Mwalimu akadhani hakusikia vizuri, akainama, akaniuliza nimesemaje.

"Nimeshaimba. Sirudii."