Keria Iliyonuka Ndagala

Jumamosi moja naikumbuka hata leo kwa harufu yake, mwanangu, na harufu yenyewe ilikuwa ya ndagala, wale dagaa wadogo wakavu wanaoletwa huku Lubumbashi kutoka ziwani. Wengine hukumbuka ujana wao kwa manukato. Mimi nilipewa ndagala, na nashukuru.

Jana nilikuona umeinama kwenye pikipiki yako mpya, spana mkononi, unaifungua keria. Sikusema kitu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mwenye kipya mkononi hasikii la mtu. Lakini leo mvua imekukatalia kutoka, chai ipo, na mimi nina mdomo. Basi kaa.

Wakati ule nchi yetu ilikuwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, majina ya ubatizo tuliyaacha mlangoni mwa kanisa kwa amri ya serikali, na mji mzima ulikula kwa shaba. Mimi nilikuwa fundi wa umeme, tena fundi mdogo, kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Kamalondo. Miaka miwili nilikwenda kazini kwa miguu, nikikimbizana na king'ora cha asubuhi. Nikajinyima na kujinyima, mpaka nikanunua pikipiki.

Ilikuwa pikipiki ndogo ya kwendea kazini. Nyuma ilikuwa na keria pana ya kubebea mzigo, madigadi marefu ya kuzuia tope, kifuniko cha mnyororo, na kiti kirefu cha watu wawili. Mafuta ilikuwa inaramba tu, hainywi. Mtu mwenye akili angeitazama akasema asante. Mimi niliitazama nikaona aibu, maana ilifanana kabisa na pikipiki ya katekista.

Nikaipeleka kwa Papa Kalala. Huyu alikuwa mzee wa Kamalondo, fundi wa baiskeli na pikipiki, na karakana yake ilikuwa uani kwake: mkewe akipika upande huu, yeye akigonga chuma upande ule. Nikamwambia atoe keria, atoe vikanyagio vya abiria, akate madigadi, atoe kifuniko cha mnyororo, anishushie usukani, aniwekee na kiti kifupi cha mtu mmoja. Nilitaka ifanane na zile za mashindano nilizoziona kwenye magazeti ya picha.

Akafanya yote, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini alipomaliza alifuta mikono taratibu, akaniuliza:

"Muntu wa kukaa nyuma, utamutia wapi?"

Nikamjibu kwamba sina mtu wa kukaa nyuma. Naenda peke yangu, narudi peke yangu.

"Weye mutoto," akasema, "leo uko peke yako. Lakini moto haiko ya leo tu."

Huku kwetu pikipiki tunaiita moto, unajua. Nikacheka, nikamwambia keria na vyuma vingine awauzie watu wa chakavu, nikapiga gia nikaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi lilingoja miezi mitatu.

Na sitakudanganya, miezi ile nilifurahi. Jumapili baada ya misa vijana tulikutana kwenye barabara ya Luano, ile iendayo uwanja wa ndege, lami imenyooka mpaka macho yanachoka. Nilikuwa nalala juu ya tangi, upepo unajaa shatini, nasikia kama mji wote ni wangu. Raha ni raha. Mzee anayewaambia vijana kwamba raha ni upuuzi, ama amesahau ama anasema uongo. Ila Jumatatu nayo ilikuwa haikosi kufika. Mvua ikinyesha, gurudumu la nyuma lilinirushia tope jekundu toka kiunoni mpaka kisogoni, na wenzangu kiwandani waliniuliza ni nani amenichora mstari. Kila suruali yangu ilikuwa na mguu mmoja wa mafuta. Na siku ya posho, kampuni ilipotugawia unga wa mwezi, mimi mwenye pikipiki nilimtafuta mtu wa mkokoteni anibebee gunia. Aibu ile niliimeza.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa nampenda msichana. Aliitwa Ngoie, wa kutoka Kabalo, na alikaa Luano kwa mjomba wake, mfanyakazi wa uwanja wa ndege. Nilikuwa nimekwisha kupeleka jembe na kitenge, ishara ya kwanza kwa desturi yao. Tangu siku ile buko ilikuwa imeingia kati yangu na mama yake, na buko si mchezo, mwanangu. Mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni, hawasemeshani mdomo kwa mdomo. Neno likiwapo, linapitia kwa mtu wa tatu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na anayeivunja amejifukuza.

Lakini mjomba alikuwa na mtu wake. Karani mmoja, mtoto wa mtaa wa Golf, kule kwenye majumba ya bustani, mwenye gari na mashati yaliyonyooka. Neno la mwisho lilikuwa lisemwe Jumamosi ile, mama yake Ngoie akiwa amefika kutoka Kabalo, kabla mjomba hajaingia zamu ya jioni. Na kazi ya kumpokea mama kwenye treni mjomba alimpa karani, ili mama akutane na gari kabla ya kukutana na mimi. Ujanja mtupu.

Saa nane king'ora kilipolia nikatoka, nikamkuta Ngoie langoni, anahema. Alikuwa amekuja mjini asubuhi kumngoja mama yake. Treni iliingia saa sita, akaniambia, na mpaka sasa mama amekaa kituoni juu ya mzigo wake. Wiki ile mafuta hayakupatikana mjini, na gari la karani lilikuwa limelala kwenye mstari wa pampu pamoja na teksi zote. Mguu wa mama umevimba kwa safari, hawezi kutembea mpaka Luano. Wazee wa karani wamekaa kwa mjomba tangu asubuhi, wanakunywa. Mama asipofika, mjomba atasema neno peke yake, na wote wawili tulijua atasema lipi.

Akaniuliza kama nina mafuta. Yalikuwapo ya kutosha. Kisha tukaitazama pikipiki, mimi na yeye, tukakiona kile kiti kifupi cha mtu mmoja. Mama mkwe wangu angekaa wapi? Mgongoni mwangu? Anikumbatie kiuno mbele ya mji mzima? Afadhali treni imrudishe Kabalo. Nilitaka kulia, nakwambia wazi. Nilikuwa karibu kumpoteza Ngoie kwa ajili ya urembo nilioufanya kwa spana.

Nikamwambia arudi kituoni akae na mama, nami nikakimbilia Kamalondo. Njia nzima niliomba kitu kimoja: Papa Kalala awe mkaidi, awe hakunisikiliza, awe hakuuza vyuma vyangu. Nilimkuta anakula. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, salamu nimeisahau. Akamaliza tonge lake kwanza. Halafu akanyoosha kidole upande wa jikoni, na pale nikaiona keria yangu, imelazwa juu ya matofali, mkewe ameanika ndagala juu yake.

"Akiba haiozi," akasema. Akamgeukia mkewe. "Mama, toa samaki yako. Muntu wa nyuma amefika."

Vikanyagio vilikuwa kwenye kopo la mafuta ya taa, vimehifadhiwa kama dawa. Nati za zamani hakuziona, akatoa nyingine mpya, zile zenye masikio zinazofungwa kwa vidole. Mimi nafunga huku, yeye anafunga kule. Juu ya keria tukaweka ubao na gunia lililokunjwa, na pale yalipokatwa madigadi akafunga kipande cha mpira wa gurudumu. Harufu hatukupata wakati wa kuiosha. Nilikuwa na mikono myeusi mpaka viwikoni nilipoondoka.

Kituoni nilisimama mbali, nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima nikitazama pembeni. Ngoie alichukua maneno yangu akayapeleka, akachukua ya mama akayaleta. Mama akakaa kwenye keria kwa upande, miguu juu ya kikanyagio, akashika chuma. Kati yetu tuliweka kifurushi chake cha nguo, na mapajani alikuwa na kikapu chenye kuku mmoja mwekundu. Hakunigusa hata kwa ukucha. Ngoie tukamwacha, afuate kwa miguu au kwa bahati.

Nikaendesha kama nimebeba mayai. Tukapita mjini, tukashika barabara ya Luano, jua linashuka, mimi nahesabu mawe. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu. Mama alikuwa anasema na kuku, kwa kuwa mtu wa tatu hakuwapo.

"Weye kuku, ambia huyu mwenye kuendesha: tunaenda ku kilio? Aongeze kidogo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasema nikitazama mbele, bila kugeuka: "Kuku, ambia mama akamate chuma muzuri."

Nikafungua mafuta. Mwanangu, ile barabara nilikuwa nimekwenda Jumapili nyingi, peke yangu, tumbo juu ya tangi, lakini haijawahi kuwa tamu kama siku ile. Nyuma nilimsikia mama mkwe anacheka, kicheko cha msichana, na kuku naye anapiga kelele zake. Sote watatu tulifika Luano tuna vumbi na furaha.

Wazee wa karani walikuwa bado na chupa mkononi. Mimi nilibaki nje, kwa desturi. Mjomba akamuuliza dada yake amefikaje, na sauti ya mama ilinijia dirishani vizuri kabisa:

"Yule wa gari nimemungojea masaa mbili. Huyu ameniwekea mahali pa kukaa. Mutoto yangu ataenda kwa mwenye kuwa na mahali."

Basi. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikakaa chini, nikacheka peke yangu, nikafuta machozi kwa ile mikono ya mafuta. Mzigo wa miezi uliniondoka kifuani. Lakini na aibu ilikuwapo kidogo, maana mahali alipopasifu mama palikuwa na umri wa saa moja.

Aibu ile nilitembea nayo mpaka mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Hapo desturi inakuruhusu kulegeza buko: nilipeleka mbuzi, tukaketi, tukasemeshana kwa mara ya kwanza bila kuku. Nikaungama. Nikamwambia keria ile niliitupa kwa kujionyesha, ikarudishwa siku ileile kwa sababu mzee mmoja alikuwa na akili kuliko mimi. Mama hata hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Chuma ya moto hainuke ndagala. Na mikono yako niliiona. Mimi sikutafuta mukwe asiyekosa. Nilitafuta mwenye kutengeneza mbele jua haijashuka."

Ndiyo hayo, mwanangu. Sikwambii uendeshe kama katekista. Pikipiki usiyoipenda hutaitunza, na asubuhi ya kwenda kazini bila furaha yoyote ni ndefu sana. Zile nati zenye masikio nilikaa nazo miaka yote: Jumapili keria inatoka, naenda zangu Luano, Jumatatu inarudi, napakia gunia la posho, baadaye mke, baadaye mke na mtoto. Kwa hiyo unachoweza kufungua, fungua, lakini usikikate, na ukishakifungua usikitupe. Na kabla hujashika spana, jiulize swali la Papa Kalala, kuhusu pikipiki, nyumba, hata moyo wako: mtu wa kukaa nyuma, utamtia wapi?

Keria yako usiitafute uani, niliiokota jana. Iko jikoni, na Ngoie ameshaitazama mara mbili kwa jicho la kuanikia samaki, basi wahi. Nenda na baraka zangu. Mungu akupe barabara kavu, breki zinazosikia, mzee atakayekuhifadhia vyuma vyako siku utakapokuwa mjinga, na huyo wa nyuma yako, atakapofika, akukute una mahali.