Jina Alilotaja Kerubo

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mtoto, nilishika ndoo na tambara. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, nami nimechukuliwa kujifunza ukunga katika hospitali ya serikali mjini Kisii. Nilisugua sakafu ya wodi ya wazazi mpaka magoti yakawaka moto. Sista Mkuu, mzungu mrefu asiyecheka, alikagua pembe zote akasema, "Hapa rudia." Nikarudia, na nilinuna, siwafichi. Baadaye nilimwona mama aliyejifungua salama akichukuliwa na homa ya uzazi kwa ajili ya uchafu tu. Tangu hapo nikasugua bila kusukumwa.

Somo kubwa la Sista Mkuu lilikuwa la mtoto anayetanguliza matako. Kwa kawaida kichwa hutangulia na kufungua njia. Matako yakitangulia, kichwa hubaki nyuma, na mkunga mwoga huanza kuvuta. Ukivuta, mikono ya mtoto hupanda juu na kidevu huinuka, na hapo umemkwamisha wewe mwenyewe. "Wewe hapana vuta," aliniambia kwa Kiswahili chao cha kizungu. "Mtoto najua njia. Mikono weka mgongoni." Basi nikasimama mikono mgongoni kama mfungwa, natazama mwili ukishuka wenyewe.

Nilipohitimu nilipelekwa zahanati ya Ogembo, chini ya Mganga Msaidizi aliyependa chai kuliko wagonjwa. Kisha nikapewa kituo kidogo cha uzazi upande wa Nyamira, ambako mkunga nilikuwa mimi peke yangu. Ndiko walikomleta Kerubo.

Aliletwa kwa machela ya miti na blanketi, wanaume wanne wamembeba kwenye utelezi, mama mkwe wake akitembea kando. Uchungu ulikuwa umeanza jana yake. Nyinyi vijana huenda hamjui: siku zile kwetu uchungu ukikawia, watu walisema mwanamke amelala nje ya ndoa, na mtoto hatatoka mpaka amtaje huyo mwanamume. Njia nzima mama mkwe alikuwa akimwambia, "Taja, Kerubo. Taja usituulie mtoto." Walipofika langoni alitaja. Alisema Ombui, jirani aliyeshika machela upande wa mbele.

Nilipompima nilikuta matako yametangulia. Moyo wa mtoto, kwa kile chombo cha mbao cha kusikilizia, ulikuwa unapiga lakini umechoka. Barabara ya Kisii ilikuwa tope tupu, hakuna gari ambalo lingepita. Nikamwambia mama mkwe anawe mikono hadi kwenye viwiko.

"Mimi? Kazi yangu imekwisha, ameshataja," akasema.

"Mama, nawa. Sina mtu mwingine."

Akanawa. Nilimvuta Kerubo hadi ukingoni mwa kitanda, nikarudisha mikono yangu mgongoni. Matako yakatoka, miguu, kitovu, mabega. Mwili ukaning'inia na kichwa kikabaki ndani. Hapo muda ni mfupi sana, kwa maana kamba ya kitovu inabanwa na mtoto hapati hewa. Nikaweka viganja vya yule mama juu kidogo ya mfupa wa kinena cha mkwewe. "Bonyeza hapa. Taratibu, usiachie." Akabonyeza, jasho linamtiririka. Nilipoona nywele za kisogo nikashika vifundo vya miguu, nikainua mtoto polepole kuelekea tumbo la mama yake, na uso ukatoka.

Alikuwa mweupe na hakulia. Nikamsafisha koo, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi. Alipolia, alilia kama paka aliyenyeshewa. Kondo la nyuma likatoka, damu ikaja nyingi, nikasugua tumbo na kumchoma ile sindano ya kukaza mji wa mimba mpaka damu ikapungua.

Mama mkwe akafuta mikono. "Unaona, nesi? Ametaja na mtoto ametoka."

Haki, hasira ilinipanda. Kwa neno hilo mkwe alikuwa anafukuzwa hapo hapo akiwa bado anavuja damu, na Ombui yuko nje, wenzake wameshampokonya panga lake kwa sababu ya kutajwa. Lakini nikakumbuka huyu ndiye atakayezungumza nyumbani.

"Mama," nikamwambia, "jina lilitajwa langoni, kichwa kikakwama hata hivyo. Kilitoka ulipobonyeza. Jina lilifanya nini ambacho mikono yako haikufanya?"

Kerubo, amefumba macho, akasema, "Nilitaja mtu niliyekuwa namwona mgongo. Nilitaka tu mninyamazie."

Mama mkwe akamchukua mtoto, akamfunika kwa kanga yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi pia nilitaja. Nilipokuwa namzaa baba wa huyu mtoto. Nilimtaja marehemu mmoja, ili nisimharibie mtu aliye hai."

"Na ilikuwa kweli?" nikauliza.

"Kweli ya wapi, nesi. Mume wangu alinipiga mwaka mzima kwa ajili ya maiti."

Akatoka nje na mtoto. Nilimsikia akiwaambia wale wanaume kwamba mjukuu wake alikuja kwa matako, na kwamba Ombui arudishiwe panga lake, kuna miti ya kukata, machela imelegea na mkwe wake atarudi nayo nyumbani.

Nimestaafu sasa, na wajukuu wangu wananiuliza ni dawa gani ilisaidia akina mama zaidi. Nawatajia ile sindano, na sabuni, na Sista Mkuu na mikono yake mgongoni. Lakini mawazo yangu huwa kwa wale waliozalia nyumbani mbele ya watu waliowaambia taja, taja. Wengi walitaja. Mtoto akifa, watu walisema mama ametaja nusu, wengine amewaficha, na akina mama hao hawakuwahi kufika kwangu.