Maji Niliyoyamimina Mimi

Wewe unayenisikiliza, kama hujawahi kupita kijijini kwetu Mwaya wakati wa kakao, nikueleze kwanza harufu yake. Mbegu mbichi hufunikwa kwa majani ya migomba siku kadhaa zichachuke, na harufu inayotoka ni kali kidogo, kama togwa iliyopitiliza. Muhula ule ilikuwa ikiingia dirishani kwetu, darasa la saba, na mwalimu wa stadi za kazi alikuwa ametupa mradi mmoja: kila mtu amtafute anayefanya kazi anayoitamani, ashinde naye siku nzima, kisha aje kutueleza.

Shida ni kwamba kijijini mwetu wenye kazi za kutamaniwa walikuwa watatu: muuguzi wa zahanati, mchungaji na mtendaji wa kata. Wenzangu kumi na mmoja walimwendea muuguzi wiki moja, mpaka akawafungia mlango. Lusajo, ambaye hakumwendea mtu, alisema atakuwa rubani.

"Rubani?" sauti ikatoka nyuma. "Baiskeli ya baba yako tu ilikutupa mtaroni."

"Ndege haina mnyororo wa kukatika," akajibu, akakaa.

Tumpe, niliyekaa naye dawati moja, hakucheka. Bibi yake, wa kabila la Wakisi huko Lyulilo kando ya ziwa, alikuwa mfinyanzi, na Tumpe alitaka kusomea kwa nini vyungu vingine hupasuka motoni na vingine havipasuki. Baba yake alikwisha kuamua kwamba akimaliza la saba ataenda Malawi, Karonga kwa shangazi yake, kuuza vitenge. Tumpe alimsihi mpaka akakubali kuja kusikiliza siku ya kueleza miradi. "Nikiona shule imekuongezea kitu ambacho bibi yako hana, utaendelea na sekondari," alimwambia. "Nisipoona, usinisumbue tena."

Alikuja kweli, shati limepigwa pasi, akakaa benchi la nyuma. Tumpe akaweka mezani chungu chekundu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Alianza vizuri, akaeleza udongo unavyochimbwa na kukandwa, halafu akamwona baba yake anatazama nje, akakwama.

"Dada, unasoma au unauza?" mmoja akauliza, darasa likacheka.

Nikataka kumsaidia. Sisi tusio wa ukoo wa wafinyanzi vyungu tulivijua sokoni tu, vikiwa vimeshuka mtumbwini tayari kwa kupikia, na mnunuzi hutia maji kwanza aone kama chungu kinavuja. Nikachukua kopo la maji ya kunywa, nikamimina. "Tazameni, hakivuji."

Tumpe alinishika mkono nimeshamaliza. Chungu kilikuwa hakijachomwa. Alikileta kibichi makusudi, atuonyeshe ufa mwembamba uliokwisha kuanza kabla ya moto. Maelezo yake yote yalikuwa hapo, na alikuwa hajayafikia. Kitako kikalainika, kikaachia, tope likatambaa mpaka kwenye daftari lake.

Baba yake akasimama. "Ndaga, mwalimu," akashukuru kwa heshima. "Vya bibi yake havifanyi hivi."

Mwalimu alijaribu kumweleza. Nami nikamfuata uani, nikamwambia kosa ni langu. "Mwanangu, wewe umetia maji tu," akanijibu kwa upole, akaondoka.

Tumpe yuko Karonga hadi leo. Nilimkuta mwaka jana pale mpakani na furushi la vitenge, akaniuliza habari za watoto wangu. Nikamwuliza kama aliwahi kujua kwa nini vyungu hupasuka.

"Sikujua," akasema. "Ndicho nilichotaka kusomea."

Shule yetu sasa ina vyumba vipya, na watoto hueleza kazi kwa picha walizotoa kwenye simu za wazazi. Wenye kazi za kutamaniwa kijijini bado ni wale watatu. Siwezi kukuahidi kwamba mambo ya hawa yataishia kwingine. Nakuomba jambo dogo unaloliweza: mtoto akisimama kukueleza kazi anayoitaka, weka mikono yako magotini, usiseme neno mpaka yeye mwenyewe aseme amemaliza.