Nilimdanganya Shangazi Nyama ya Krismasi

Nimekosa, jamani, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Sikusukumwa na shetani wala sikuwa nimelewa. Nimelibeba jambo hili Krismasi kadhaa sasa na limenichosha, ngoja nilitoe.

Mimi ni Mkristo, naishi Nachingwea mjini. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa Ruangwa na dada yake baba, Shangazi Somoe. Yeye ni Mwislamu. Familia nyingi huku ndivyo zilivyo, wa msikitini na wa kanisani wanakula chungu kimoja.

Kila Krismasi Shangazi alikuwa ananiamsha, ananipaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, kisha ananisindikiza kanisani. Mimi naingia, yeye anakaa nje na mtandio wake mpaka ibada iishe. Majirani walimcheka. Aliwajibu, "Huyu mama yake kaniachia na dini yake. Nikiitupa nitamjibu nini?"

Nilipopata nyumba yangu, ikawa yeye ndiye anakuja kwangu kula sikukuu. Ili ale kwa amani, mbuzi alichinjwa na jirani yangu Mwislamu, Mzee Hamisi. Mtaani kwetu ndivyo tunavyofanya, hata mlevi anajua.

Kanisa lenyewe nilikuwa nimeshaliacha. Krismasi kwangu ilikuwa spika, bia na shati jipya baada ya korosho kuuzwa.

Mwaka mmoja, siku ya Krismasi yenyewe, Mzee Hamisi aliitwa msibani kijiji cha Mtua. Akapiga simu: "Baba, nisubirini, tukishazika nakuja." Rafiki zangu walishafika, njaa inawauma, wananitania kwamba nafunga Ramadhani mwezi wa kumi na mbili. Nikachukua kisu. Mke wangu akaniuliza, "Na Shangazi je?"

"Atajuaje?" nikamjibu. "Kwani Krismasi siku hizi ina dini gani? Ni kula tu!" Nikamchinja mbuzi mwenyewe.

Shangazi alifika mchana na basi la Ruangwa. Hata hajakaa, akauliza, "Umesali, baba?" Nikasema nimesali. Pilau ilipopakuliwa akauliza tena, "Kachinja Mzee Hamisi?" Nikamwangalia usoni, nikasema ndiyo. Mungu wangu! Nilisema bila hata kumeza mate.

Akala. Akasifia nyama imeiva. Akaongezwa.

Hazikupita dakika nyingi, Mzee Hamisi akaingia na vumbi la njiani, kisu chake kakifunga kwenye gazeti. "Mnisamehe, nimechelewa. Haya, mbuzi yuko wapi?"

Mtu akazima spika. Shangazi alibaki na tonge mkononi, ananiangalia mimi. Akainuka, akaenda uani, akajitia kidole kooni. Alitapika mpaka akawa anatetemeka. Aliyemmiminia maji ya kusukutua ni Mzee Hamisi, si mimi.

Baadaye nilipiga magoti mbele yake. Akasema polepole, "Umenilisha kibudu, baba. Dini yako nilikutunzia miaka yote ile, na haikuwa yangu. Yangu ukaona ni ya kuchezea?" Hakulia. Aliomba apelekwe stendi, basi.

Anasema amenisamehe, na simu zangu anapokea. Krismasi iliyofuata alikuja kama kawaida. Asubuhi ile nilikuwa nimesali, mara ya kwanza baada ya miaka, lakini hakuniuliza. Nikamwambia kachinja Mzee Hamisi, nimwite aseme mwenyewe. Akatabasamu: "Nakuamini, baba." Kisha akafungua kanga, akatoa bakuli lake mwenyewe alilotoka nalo Ruangwa. Mihogo na kipande cha samaki mkavu. Akala pale pale mezani kwangu, huku anawasifia wanangu walivyokua. Heri angenitukana!

Na hivyo ndivyo anavyokuja kila mwaka.

Vijiweni watu wanabishana kama Krismasi bado ni sikukuu ya dini. Mimi sina elimu hiyo. Ninachojua ni kwamba nyumbani kwangu alibaki mtu mmoja tu aliyeiheshimu, na hakuwa Mkristo.

Ndugu zangu, furahini mtakavyo, lakini mgeni anayekula kwako bila kukagua amekupa roho yake uishike. Msubirini mchinjaji! Chakula kikichelewa, wageni watanung'unika halafu watakula. Ukimdanganya mtu wako, anaweza kukusamehe kabisa, na asile tena kwako.