Pa Kukimbilia

Rafiki yangu wa Gitega alikuwa na maneno matamu kuliko mandazi ya mama yake, na mandazi hayo watu waliyapangia foleni tangu alfajiri. Nilipanga chumba kwao. Mimi ni mtoto wa kambini, nimekulia Tanzania, nikarudi Burundi nikiwa msichana mkubwa na Kiswahili cha kunyooka, na mtaa mzima ulinicheka kwamba naongea kama redio. Yeye hakunicheka. Mwezi wa mfungo nilifuturu nao sahani moja, Mkristo mimi, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilimpenda. Nalisema hili mapema ili ijulikane kilichoniuma.

Tulifanya kazi katika mradi mmoja wa kufundisha watu wa milimani kujiandaa na maporomoko ya udongo. Chombo chetu kilikuwa mchezo kwenye tableti. Mlima wa wachezaji wenyewe unaonekana, mvua inanyesha, udongo unaanza kuteleza, na mchezaji anachagua atoe nini ndani, amwamshe nani, aelekee wapi. Ukichelewa kwa ajili ya mbuzi, unafukiwa. Wazee waliupenda kuliko watoto. Nilimwona mmoja akigombana na tableti kwa kumuua huku jembe likiwa bado mkononi mwake.

Nilimpeleka rafiki yangu kwetu Gashoho, upande wa Muyinga, tuwachezeshe majirani. Alilala kitanda kimoja na mimi, nyumbani kwa mama. Shamba letu lilikuwa juu, kwenye tambarare, mbali na makorongo. Baba alifia kambini, na tuliporudi, baba mdogo, aliyebaki akiilima ardhi yote ya ukoo, alimgawia mama sehemu hiyo. Baadaye akajuta. Akataka arudishiwe ya juu, sisi tuhamie bondeni. Kesi ilikuwa mbele ya bashingantahe, wazee wanaosuluhisha watu wa mlima. Mama hakuwa na kitu kingine duniani ila tambarare ile na maharage yake.

Zamu ya mama ilipofika, tableti ikamwuliza kwa sauti ya rafiki yangu, maana ndiye aliyeirekodi: "Balaa ikikuja, utakimbilia wapi?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, mimi nikikimbia, nakimbilia Tanzania. Kwingine sikujui."

Tulicheka wote, baba mdogo naye akacheka. Jioni nikamweleza rafiki yangu kwamba kwa watu kama sisi kukimbia si kwenda mbio. Kukimbia ni kuvuka mpaka na godoro kichwani. Ndiyo maana waliotupokea walituita wakimbizi, hata sisi tuliozaliwa hukohuko na hatukuwahi kukimbia hata hatua moja. Mama alikuwa amefanya utani wa uchungu, basi. Rafiki yangu alinishika mkono. "Pole dada. Hiyo neno tutaibadilisha."

Hakulibadilisha. Ila alilielewa, na hapo ndipo roho yangu inapogoma mpaka leo.

Michezo ilipokwisha, karibu wachezaji wote walikuwa wamekimbilia sehemu moja: shambani kwa mama. Mradi ukataka kujenga pale banda la kukusanyikia, lenye sakafu ya saruji na kengele. Mama akasema siku ya balaa watu waje tu, hawezi kumfukuza mtu mvuani, lakini saruji juu ya maharage yake, hapana. Baba mdogo akasema shamba lingekuwa lake angelitoa kwa mikono miwili. Rafiki yangu akazima tableti. Mimi nikadhani amemwelewa mama.

Kesi ilipofika siku yake, alinipigia simu kwamba anakuja kutoka Gitega. Nilichinja kuku. Nilimwambia mama, leo tuna mtu. Nikasimama uani kumngoja, nikamwona akipanda njia pamoja na baba mdogo, wakijifunika mwavuli mmoja. Akapita mbele ya ua wetu bila kugeuza shingo.

Baba mdogo aliwaambia wazee kwamba hawa kwao ni Tanzania, na wenyewe wamekiri. Wazee wakauliza nani aliyesikia. Rafiki yangu akasimama, akaweka mtandio wake sawa.

"Mama alisema mbele yangu. Kama balaa iko, yeye anaenda Tanzania. Mi nasema tu kile nilisikia."

Hakuna neno la uongo hapo. Uongo ningeupinga, huu ukweli uliokatwa nusu sikujua niushike wapi. Nilisimama kueleza utani, mkubwa wa wazee akaniambia kwa upole nikae: mimi ni mtoto wa mwenye kesi, huyu ni mgeni, hana fungu katika ardhi hii. Wakaamua tubadilishane. Kikulacho ki nguoni mwako, na hata kitenge nilichovaa siku hiyo alinipa yeye.

Nilimkuta barabarani akisubiri pikipiki. Nikamwuliza kwa nini.

"Dada, pale watu mingi watapona. We unaona shamba. Mi niko naona watu."

"Na mama yangu si mtu?"

"Atakuja palepale, kama wengine."

Yule kuku nilimpa mbwa. Mama alinigombeza kwa kupoteza chakula, na hilo ndilo pekee alilonigombeza.

Tukajenga bondeni, sehemu ambayo mchezo uliipaka rangi nyekundu. Banda likasimama juu, na msimu wa mvua ulipoanza mradi ukaitisha zoezi la kwanza la kweli. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi na nilitaka tubaki ndani. Mama akafunga furushi lake, akasema anayekaa bondeni hana kiburi, lazima aijue njia. Tulipanda na majirani katika manyunyu, kengele ikilia.

Rafiki yangu alikuwa mlangoni na tableti, akipokea watu. Alipomwona mama akainama kidogo, kwa adabu zake zote za Gitega. "Karibu, mama."

Mama akasema asante. Akapangusa matope miguuni, akauliza anaruhusiwa kukaa wapi.