Majina Niliyoyasema Komini

Siku ile mbele ya meza ya komini, ofisi ya serikali inayoandikisha watu, tulikuwa wanne. Mimi, koko, bibi wa familia. Mujukuu wangu wa kike, mutoto wa marehemu mwanangu wa tano. Yeye ndiye anayetulisha, mimi na wadogo zake watatu, kwa mashini ya kushona iliyo mlangoni kwetu, mtaa wa Katoyi. Wifi yangu, dada wa marehemu bwana yangu, aliyetoka Rutshuru asubuhi hiyo ili awe shahidi. Na karani, ambaye hakuwa ndugu ya mutu yeyote. Majina yao ninayo yote, lakini humu sitayaandika.

Mujukuu alikuwa ameomba viza ya masomo. Shule ya ng'ambo ilishamukubali, na baba yake mudogo anayeishi huko alisema atamulipia. Lakini watu wa viza walirudisha dosiye, zile karatasi zake zote. Jina la binti halifanani na la baba yake, na la baba yake halifanani na la huyo baba mudogo. Watajuaje kuwa ni damu moja? Wakampa wiki mbili alete karatasi ya komini.

Kwetu jina halirithiwi kama shamba. Kila mutoto anapewa lake. Nilizaa saba, nikapata majina saba.

Karani akauliza, "Mama, vyeti vya kuzaliwa viko wapi?"

"Viko chini ya mawe ya volkano iliyofunika nyumba yetu, papa. Leta jembe tuchimbe."

"Sasa nitajua aje kama hawa ni watoto wako?"

"Andika."

Nikaanza na wa kwanza: jina, na sababu ya jina. Huyo alizaliwa tukivuna maharage. Nikaenda hivyo mpaka wa tano, baba ya binti, na wa sita, yule wa ng'ambo, aliyezaliwa mvua imetufungia ndani siku tatu. Nikamaliza wa saba, nikaingia kwa wajukuu. Karani akaweka kalamu chini.

"Mama, unataka kunitajia Rutshuru yote?"

Wifi akacheka. "Na bado hajafika kwa wajomba!"

Karani akafunika karatasi kwa mkono. "Haya, rudia wale saba. Lakini anza na wa mwisho."

Nikarudi nyuma bila kusimama. Yeye alichungulia, akifuata kwa kidole. Kidole kilipofika juu, akavuta muhuri.

Tulipotoka, mujukuu hakufurahi. "Koko, wakinipa viza, mutakula nini?"

"Mudogo wako anajua kukata suruali. Wewe enda usome."

Viza ilitoka. Mudogo wake sasa anashona sare za shule. Mushono unapinda kidogo, lakini watu wanavaa na sisi tunakula.

Wifi anasema wa kwanza alizaliwa tukivuna mtama, siyo maharage. Ninyi wa nyumbani mutakaosoma, kama nilikosea hapo, munirekebishe. Kwenye majina, musijisumbue.